Barua kwa Mwanaisha: Mwaka Kogwa usije mbio mbio

Makunduchi, 3 Julai

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Nimefurahi mno kusikia mwaka huu unakuja Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, na watoto. Lakini hilo la kufika saa nane mchana na kuondoka magharibi, liache. Ukija hivyo utaona moshi na vumbi tu. Njoo usiku wa kuamkia, ulale kwetu.

Tarehe iulizie kabla ya kukata tiketi ya boti. Mwaka wetu wa Nairuzi una siku 365 kavu: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano juu yake. Hauongezi siku kila mwaka wa nne kama kalenda ya ukutani, ndiyo maana hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Siku hizi unaangukia mwezi wa Julai. Mjini panda daladala namba 310 ya kuja Makunduchi, na uiwahi, maana siku hiyo hujaa.

Kae Kuu, mahali pa sherehe hapa Makunduchi, ndiko watu wa kusini na wa kaskazini ya mji wetu wanakopigana kwa mabua ya mgomba, vinyongo vya mwaka viishie hapo. Bua liwe bichi, la kukatwa siku ile: limejaa maji, likikupiga mgongoni linavunjika lenyewe. Likishanyauka nyuzi zake huchapa kama kamba. Kijana wako akitaka kuingia, mchagulie mwenyewe.

Kisha huchomwa kibanda cha miti na makuti makavu. Mzee huingia ndani, kikatiwa moto, naye akachomoka. Watu hutazama moshi unaelekea wapi. Julai huvuma kusi, upepo wa kusini, kwa hiyo simama upande wa kusini, moshi usikuingie machoni. Buibui la nailoni lisisogee karibu, cheche moja hulitoboa. Vaa kanga.

Sasa chakula, na hapa ndipo ninapokuhitaji. Nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka huona haya, kwa hiyo tunapika tusijue watakuja wangapi. Kwa watu kumi tia kilo moja na nusu ya mchele na nazi tatu zilizokomaa. Kasimile, lile tui zito la kwanza, iweke kando. Chemsha mchele na chumvi kwa tui la pili mpaka maji yakaribie kukauka, ndipo utie kasimile, ugeuze mara moja, ufunike na kupalia makaa juu. Wenye haraka hutia kasimile mwanzo: chini wali unashika, juu bado una kiini. Mbele ya wageni, hilo ni aibu kubwa.

Mbuzi ya kukunia ninayo moja tu. Njoo na yako, na doti mbili za kanga. Jioni wanawake wanazunguka wakiimba, na wewe utakuwemo.

Wasalimie nyumbani.

Shoga yako,
Mtumwa