Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanachama wa chama chetu cha askari wa zamani na familia zao, karibuni.

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vya kamati, misiba, usafi wa makaburi na Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai. Sina haja ya kuzirudia. Wanachama kwenye daftari ni 86, waliolipa ada ya 20,000 ni 29. Ada imeleta 580,000, michango 410,000, matumizi 935,000, baki 55,000. Daftari liko kwa mweka hazina.

Nije kwenye suala la ua la poppi, maana nimesemwa vya kutosha. Baadhi yenu mlitaka kila mwanachama anunue ua hilo jekundu la karatasi kwa ajili ya tarehe 11 Novemba, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na asiyekuwa nalo asikae mbele. Kamati ilikataa. Niliusimamia uamuzi huo na bado nausimamia.

Ua hilo lilitokana na maua yaliyoota kwenye viwanja vya vita vya Flanders, Ubelgiji, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Uingereza ilianza kuuza maua ya bandia ya aina hiyo mwaka 1921 ili kuwasaidia askari waliorudi, na waliokuja kuajiriwa kuyatengeneza ni askari walemavu wenyewe. Kwa hiyo tangu mwanzo jambo lilikuwa riziki ya askari. Sisi tungechukua fedha za wazee wetu tukanunulie mapambo ya kifua?

Anayetaka kulivaa alivae, hasa ambao baba zao walikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, wakapigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Simzuii mtu. Lakini wapagazi, wale waliobeba mizigo ya majeshi, waliokufa kwa maelfu katika nchi hii kati ya 1914 na 1918, wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Vijana wetu waliolala kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya kule Muleba baada ya Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda hawakuwahi kuvalishwa ua hilo. Je, tuseme hawakuheshimiwa?

Heshima naipima kwa mengine. Tunaye mzee aliyepoteza mguu mwaka 1979. Kliniki ya hospitali ya KCMC nimempeleka mimi, kwa gari langu na mafuta yangu, wala sikuona msururu wa watu wakigombea zamu. Kikao cha bima ya afya ya wajane mlikuja 11. Kikao cha ua, viti havikutosha, watu wakasimama hadi barazani! Jambo hilo limeniumiza sana, na nalisema mbele yenu kwa sababu waliopiga kelele zaidi siku ile wanadaiwa ada ya miaka miwili.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuwakatia bima wazee wote, na ikiwezekana kupeleka ujumbe Kaboya. Namshukuru katibu. Wanaodaiwa wamwone mweka hazina kabla ya chakula.

Mwenyekiti