Anayeuza mitumba mtandaoni auze kwa sentimita

Ndugu Mhariri,

Kurasa za ujasiriamali, na zaidi matangazo ya semina, hutaja uuzaji wa mitumba kwa simu kama njia nyepesi ya kujiongezea kipato: mtaji mdogo, hakuna pango la fremu, mteja anakufuata WhatsApp au Instagram. Yote hayo ni kweli. Kinachoachwa ni kazi inayofanyika kati ya soko la Karume na mlango wa mteja, na humo ndimo fedha zinamopotelea. Naomba nafasi niieleze kwa ajili ya mwalimu, muuguzi, mwanafunzi au mama wa nyumbani mwenye elfu sitini mkononi anayetaka kuanza wikiendi hii.

Anayeanza asinunue belo. Belo la kilo 45 limefungwa kwa mikanda, halifunguliwi mpaka ulipe, na maandishi ya juu yake yanataja aina ya nguo tu, hayasemi hali yake. Gauni jepesi lina uzito wa gramu 200 mpaka 300, kwa hiyo humo ndani mna magauni 150 mpaka 225. Mtu anayefanya biashara hii jioni baada ya kazi hana muda wa kufua, kupima na kupiga picha nguo zote hizo, na zile dhaifu zitamkalia chumbani mwaka mzima. Afadhali akapointi: awahi mnadani asubuhi wauzaji wanapofungua mabelo yao, achague moja moja, akubali kulipa zaidi kwa kila nguo, aondoke na ishirini anazozifahamu. Ziwe za aina moja. Blauzi za ofisini peke yake, au nguo za watoto wa miaka 2 mpaka 6 peke yake, maana mteja wa mtandaoni humrudia muuzaji aliyemzoea kwa kitu fulani.

Pale pale sokoni nguo igeuzwe ndani nje. Tazama kwapa, ukosi, pindo, na kwa jinzi tazama katikati ya mapaja, ambako kitambaa husagika kabla ya pengine popote. Inyanyue juani, matundu ya nondo na nyuzi zilizochoka huonekana hapo. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu. Vuta lastiki ya kiuno: ikitoa mlio wa kukatika au isiporudi, imekufa, na kubadilisha lastiki ya gauni lenye mikunjo kutakugharimu fundi kuliko faida yenyewe. Jaketi la ngozi bandia likwaruze kwa ukucha kwenye ukosi. Likianza kumenyuka, liache, kwa sababu joto na unyevu wa Pwani huendeleza mmenyuko huo hata likining'inia tu kabatini. Viatu vyenye soli za povu navyo vikunje na kuvibonyeza kwa kidole gumba. Soli iliyokaa ghalani miaka mingi huonekana nzima, kisha humomonyoka siku mteja anapoivaa mara ya kwanza. Nguo za ndani zilizotumika usiziguse kabisa: Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku kuziingiza na kuziuza, kwa sababu za kiafya.

Kufua kuna kanuni zake. Harufu ya mitumba haitoki kwa manukato; ukiipulizia unapata harufu mbili. Loweka nusu saa kwenye maji lita 10 yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, suuza, ndipo ufue kwa sabuni ya kawaida. Doa la damu au maziwa lifuliwe kwa maji baridi, kwani maji ya moto huligandisha kwenye nyuzi. Doa la mafuta lipakwe sabuni ya kuoshea vyombo bila maji, likae dakika 15 mpaka 20. Wino hutoka kwa spiriti na pamba, ukiwa umeweka kitambaa kikavu upande wa chini kiufyonze, la sivyo unauhamishia mgongoni. Kutu hulegea kwa limau na chumvi juani, kwenye nguo nyeupe tu, maana juisi ya limau inaweza kupausha rangi. Wengi hukosea kwenye jiki. Weupe uliogeuka manjano kwapani kwa jasho huzidi manjano ukiutia jiki, na nguo ya sufu, hariri au yenye mpira ndani yake huharibika kabisa. Na jiki na siki visikutane kwenye beseni moja: mchanganyiko wake hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Anika rangi kivulini, ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Sasa vipimo. Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa kuwa nguo nyingi hurudishwa kwa kosa la namba kuliko la ubora.

Lebo ya mtumba haina maana moja. Mabelo yanatoka Uingereza, Ujerumani, Kanada, Korea, China, na kila mahali wana namba zao: 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na ni 38 ya Ujerumani, na "L" ya Korea au China mara nyingi ni ndogo kuliko "L" ya Ulaya. Jinzi iliyoandikwa 32 ilipaswa kuwa na kiuno cha inchi 32, yaani sentimita 81, lakini ipime utakuta 85 au zaidi, kwa sababu watengenezaji wengi wamekuwa wakipanua nguo bila kubadili namba. Ongeza kwamba mtumba umeshafuliwa mara nyingi: sweta la sufu limeshaingia, jezi imeshavutika, na huenda suruali ilikwishakatwa na fundi wa mwenyewe wa kwanza. Anayeandika "size 12, inatosha mtu wa kawaida" anacheza bahati nasibu kwa fedha ya mteja. Nguo za watoto zina unafuu kidogo. Lebo ya 104, 110 au 116 kutoka Ulaya ni urefu wa mtoto kwa sentimita, kwa hiyo mwambie mama ampime mwanawe ukutani.

Nunua futi ya fundi cherehani na uilinganishe na rula ya chuma, kwani futi ya kitambaa huvutika ikizeeka na kukuibia sentimita nzima. Laza nguo mezani, funga vifungo na zipu, ilainishe kwa kiganja bila kuivuta. Pima kifua chini kidogo ya kwapa, kutoka mshono hadi mshono. Pima kiuno pale penye wembamba. Kisha pima nyonga, sentimita 18 mpaka 20 chini ya kiuno. Kipimo hiki ndicho kinachosahaulika zaidi, nacho ndicho kinachorudisha sketi na magauni mengi, kwa kuwa nguo nyingi zilikatwa kwa maumbo yenye nyonga nyembamba kuliko za wateja wetu. Urefu uanzie begani penye mshono wa shingo hadi pindo. Suruali iongezewe urefu wa ndani ya mguu, na kimo cha mbele kutoka mshono wa katikati hadi ukanda, ili mteja ajue inakaa kitovuni au chini yake.

Andika kila kipimo cha upana kwa namna mbili: "kifua 48 ikiwa imelazwa, mzunguko 96." Ukiandika 48 peke yake kuna atakayedhani ni namba ya lebo. Na mwombe mteja apime nguo yake inayomkaa vizuri, si mwili wake; mwili hupimwa kwa kuvuta pumzi na kila mtu hujipunguzia. Akisisitiza kutumia mwili, kitambaa kisichovutika kinahitaji nafasi ya sentimita 4 mpaka 6 kifuani, na isipungue 5 nyongani, kwa sababu mtu hukaa.

Picha hazihitaji simu ya bei kubwa. Zinahitaji dirisha. Piga kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, flashi ikiwa imezimwa, nguo imepigwa pasi na kuwekwa mbele ya shuka jeupe. Shuka lina kazi yake: bluu nzito na nyeusi hufanana kwenye kioo cha simu, na mteja akiona weupe ulivyo pembeni anaweza kuikisia rangi halisi. Usitumie vichujio vya kupendezesha picha. Weka mbele, nyuma, lebo ya kitambaa, na kasoro, kila moja kwa karibu, ikiwa na sarafu ya shilingi mia pembeni ili ukubwa wake ujulikane. Doa lililoonyeshwa na kupunguziwa bei hununuliwa. Doa lililofichwa hugunduliwa mlangoni mbele ya bodaboda anayesubiri nauli, na baada ya hapo hakuna mazungumzo.

Nije kwenye hesabu, kwa mfano wa kukokotoa. Blauzi 20 kwa shilingi 3,000 ni 60,000. Nauli ya sokoni 2,000, sabuni, siki na umeme wa pasi 6,000, fundi 5,000, bando 5,000, mifuko ya kufungashia 4,000. Jumla 82,000. Tuseme 14 zinatoka kwa bei kamili, 4 kwa bei ya kushusha, 2 hazitoki. Ukiuza 8,000 na kushusha hadi 4,000, utaingiza 128,000 na kubaki na 46,000. Ukiuza 5,000 na kushusha hadi 3,000, utaingiza 82,000, yaani umefanya kazi bure, ingawa kila blauzi ilionekana kukupa faida ya 2,000. Wengi wanaoacha biashara hii wameachia hapo, wakiamini wateja hawakuwepo. Na muda nao uhesabiwe: dakika 40 kwa kila nguo, kuanzia kufua hadi kujibu meseji, ni zaidi ya saa 13 kwa mzigo huo. Hata kwenye ile bei nzuri, ni kama shilingi 3,450 kwa saa.

Kwa kuwa kila mtumba ni mmoja tu, usimamizi wake ni tofauti na wa duka lenye nguo za dazani. Kila nguo ipewe namba, ibandikwe kwenye mfuko wake, iandikwe daftarini pamoja na bei ya kununulia, tarehe na vipimo, na namba hiyo hiyo ionekane kwenye picha. Bila hivyo utamwambia "ipo" mtu wa pili wakati wa kwanza ameshalipa. Picha za "status" hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo weka pia katalogi ya WhatsApp Business, na nguo ikiuzwa ifute siku hiyo hiyo. Neno "niwekee" liwe na kikomo kinachojulikana kwa wote, kwa mfano hadi kesho saa sita mchana, au mtu atoe advansi. Nguo iliyokaa siku 30 bila kuulizwa ishushwe bei. Kinachokaa kinakula mtaji wa mzigo unaofuata.

Kuhusu malipo, meseji iliyoingia kwenye simu si fedha. Meseji za kughushi huandikwa kwa mtindo ule ule wa kampuni za simu, na picha ya muamala ni rahisi zaidi kughushi. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu, kwa M-Pesa ya Vodacom ni *150*00#, ndipo bodaboda aondoke. Akikupigia mtu akidai amezidisha na anaomba urudishe ziada kwa namba nyingine, mwelekeze kwenye huduma kwa wateja ya mtandao wake, usitume chochote.

Nauli ya boda itamkwe kabla ya malipo, si baada. Na suala la kujaribu lisemwe wazi: mteja aijaribu nguo wakati boda bado yupo, isipomkaa alipie safari zote mbili, lakini kipimo ulichoandika kikiwa si sahihi, nauli zote ni zako. Huu ndio utaratibu wa haki, na ndio unaomlazimisha muuzaji kupima mara mbili. Mzigo wa mkoani upelekwe ofisi ya basi, upewe risiti, umtumie mteja picha ya risiti, namba za gari na saa ya kuondoka. Jina na simu ya mpokeaji viandikwe juu ya mfuko na pia kwenye karatasi iliyowekwa ndani, maana maandishi ya juu husuguliwa kwenye buti la basi.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni hili: gazeti likichapa tena makala ya kipato cha ziada, mwandishi amtake anayehojiwa ataje bei ya kununulia, nguo ngapi hazikutoka, na saa ngapi alitumia. Na penye nafasi, lichapwe jedwali dogo la namba za lebo za Uingereza, Marekani na Ulaya pamoja na sentimita zake, la kukatwa na kubandikwa ukutani juu ya meza ya kupigia pasi.

Wako msomaji,
Ilala, Dar es Salaam