Rehema mwanangu, hilo gego halijapona

Mwanangu Rehema,

Mdogo wako ananiambia unashangilia kwamba jino limeacha kuuma. Mimi nimekosa usingizi. Usiingie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Jumatatu na gego hilo.

Lilikuwa likikuvuta usiku ukilala, ukiketi linapungua. Hapo kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino yenye neva na mishipa ya damu, kilikuwa kimevimba. Wadudu, yaani bakteria, wakipenya kwenye tundu la jino, mwili hupeleka chembe nyeupe za damu zikapambane nao, mishipa ya damu inatanuka, majimaji yanajaa. Mguu ukichomwa mwiba, ngozi huvimba ikatuna. Jino halitanuki. Mgandamizo unapanda humo ndani, damu safi inakosa njia, kiini kinakufa. Kikishakufa, maumivu yanakata. Wewe uliyepata A ya Biolojia kidato cha nne, nikakutangaza mtaa mzima, ndiye wa kuniambia “limejiponea”?

Mwaka 1965 watafiti huko Marekani walitoboa meno ya panya waliolelewa bila bakteria yoyote. Viini vilibaki hai, vikajijengea dentini mpya, ile sehemu ngumu inayozunguka kiini, ya kufunika tundu. Vya panya wa kawaida vilioza. Mwili wako una uwezo, mwanangu, ila wadudu wamo bado.

Wala usikimbilie antibayotiki za dukani. Dawa husafirishwa na damu, na kwenye kiini kilichokufa damu haifiki. Wadudu watashuka hadi ncha ya mzizi, mfupa wa taya uanze kulika, usaha ukusanyike. Kwa gego la chini, uvimbe unaweza kuingia chini ya ulimi ukabana njia ya hewa. Wodini nimempokea kijana wa umri wako, shingo imejaa, mate yanamchuruzika kwenye taulo kwa sababu hawezi kumeza. Naye alisema jino lilikuwa limeshanyamaza.

Kesho asubuhi nenda kwa daktari wa meno. Apige eksirei, aseme kama mzizi unasafishwa au jino linang'olewa. Usimfiche kwamba lilishauma sana. Pesa nimemtumia baba yako, usinihurumie kwa hilo.

Bibi anaendelea vizuri, anakula uji. Mama mkubwa atapitia gunia la mpunga, mpe na madebe yake mawili yaliyo stoo. Kuku wafungiwe mapema, kicheche amerudi. Na ukitoka kwa daktari nipigie, hata kama mdomo bado una ganzi.

Mama yako