Krismasi njema, na hii sijafowadi

Wapendwa, natumai nyote mu buheri wa afya, mimi pia sijambo, ni jua tu la Kilifi na maembe yameiva mpaka tunagawia mbuzi.

Mliosoma Kenya enzi za KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, mshajua hiyo salamu imetoka wapi, ni barua ya kirafiki, anwani juu kulia, tarehe chini yake, halafu buheri wa afya. Insha ilikuwa dakika 40 alama 40, na kila mtu na mapambo yake aliyokariri, siku ya siku, siku ya ndovu kumla mwanawe (mtihani wenyewe uliisha 2023, watoto wa CBC, mtaala uliokuja baadaye, ukianza hivyo wanakucheka).

Mwalimu wetu wa Kiswahili mapambo hakutukataza, enyewe aliyapenda, lakini kwa barua alikuwa mkali. Anachukua karatasi yako, anakunja pale juu jina lisionekane, anasomea darasa lote halafu anauliza, hii kaandikiwa nani? Darasa likinyamaza unarudi kuandika upya. Kuna mmoja alimuuliza mtu wake kama yule kuku kiwete bado anamfukuza paka jikoni, hata hajamaliza kusomewa tushapiga kelele, nyanya yake!

Ndiyo maana Desemba huwa namkumbuka, zile picha za kengele na mishumaa zikianza kumiminika kwa grupu, picha moja kutoka kwa watu sita. Hizo hata jina la kukunja hazina.

Basi zangu ni hizi. Shangazi, Krismasi njema, na huo mguu usiutembeze hadi kanisani, kwaya waje waimbe hapo nyumbani. Binamu wa Doha, najua leo uko zamu, mamako amekuwekea achari ya maembe chupa nzima, usimwambie nimekwambia. Mjomba, nauli imepanda kama kawaida yao, ukishuka stejini nipigie nikuchukue na pikipiki. Na dada yangu uliyefiwa mwaka huu, wewe sikuandikii njema, nakuja jioni tukae.

Mwalimu najua uko humu kwa grupu, shikamoo, tahajia nimejaribu.

Wengine wote heri ya sikukuu na mwaka mpya, mkijibu tafadhali kengele msinitumie, simu imejaa.