Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Almora, Uttarakhand, India

Wazee wetu walezi, wanakamati na ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vijana waliendelea kujifunza hurka, ngoma yetu ndogo ya mkono, tulikwenda hekalu la Chitai kwa mungu Golu kama ilivyo ada, na tumerekodi takriban saa 60 za jagar, nyimbo za usiku za kuita miungu, kutoka Kumaon na Garhwal, pande mbili za milima yetu. Mapato rupia 250,000, karibu yote michango ya wafadhili wachache. Matumizi rupia 231,000, zaidi posho za waimbaji na nauli. Hesabu anazo mweka hazina.

Nije kwenye jambo lililotugawa. Kamati, kwa pendekezo langu, iliamua kwamba sehemu ya wito ya rekodi hizo isiwekwe kwenye intaneti, na asiisikilize mtu bila idhini ya familia ya mwimbaji. Nimeitwa mfichaji wa mali ya umma. Nasimama na uamuzi ule.

Jagariya, mwimbaji wa jagar, anapopiga hurka usiku, mwenzake akigonga sahani ya shaba, hafanyi tumbuizo. Anaita miungu, kisha anamsimulia mungu maisha yake mwenyewe mpaka ampande dangariya, kiti wake, acheze, aulizwe na wenye nyumba, atoe hukumu. Wito huo una saa yake na wenye haja nao. Visa ni jambo jingine. Kisa cha Golu tumekiacha wazi: wake wenza walivyomficha mtoto na kumwekea mzazi jiwe la kusagia, mtoto akatupwa mtoni ndani ya sanduku, mvuvi akamwokoa. Alipokua akampeleka farasi wa mti kunywa maji. Wake wenza wakamcheka: farasi wa mti atakunywaje? Akawajibu: na mwanamke atazaaje jiwe? Kisa hicho asikilize kila mtu, na watoto wetu kwanza.

Mmenitajia Pritam Bhartwan na Basanti Bisht, waliopeleka jagar jukwaani hadi kutunukiwa Padma Shri, nishani ya taifa. Nawaheshimu mno, na Mama Basanti aliimba hadharani kazi iliyokuwa ya wanaume. Lakini wao walitoa sauti zao wenyewe. Sisi tumeshika amana za watu, wengi wao wa familia za wapiga ngoma ambazo kwa vizazi zilikalishwa nje ya nyumba zilezile zilizowahitaji. Kuzianika sauti zao bila ruhusa ni kuwadhulumu mara ya pili. Familia hizo nilizifuata mimi mwenyewe, mlango kwa mlango, na nilitoa ahadi. Siivunji.

Tena wengi wanaolalamika hawakuwepo siku ya uamuzi. Tuko wanachama 112. Mkutano wa Agosti walifika 14, na ada wamelipa 41. Najua milima inahamwa, sensa ya 2011 ilionyesha wilaya za Almora na Pauri zimepungukiwa na watu. Hilo halielezi kwa nini wanachama wa Delhi wamelipa kuliko walio hapa mjini, hatua chache kutoka ofisini. Mwaka huu tumewazika waimbaji wawili tuliokuwa tumepanga kuwarekodi, na kilichotuchelewesha ni nauli.

Mwaka ujao, miungu ikituridhia, tunatarajia kupata chumba kikavu cha kuhifadhia kanda, kuanza kuandika maneno kwa Kikumaoni na Kigarhwali, na kuwavuta wanawake zaidi kwenye mafunzo.

Ada inabaki rupia 300. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti