Mjumbe hauawi: tunavyoipima sensa ya oksijeni kabla ya kuibadilisha

Wateja wengi wanaotufikia hapa kwenye gereji yetu Ngamiani, Tanga, na taa ya cheki injini huwa wameshapewa jibu. Gari limepimwa mahali, mashine imetaja sensa ya oksijeni, mtu kaambiwa akanunue sensa. Anakuja na boksi mkononi, anataka afungiwe aende zake. Sisi humwomba atupe muda kidogo tuipime ile ya zamani ikiwa bado iko garini, kwa sababu mara nyingi sensa inayotuhumiwa ni nzima na kosa limekaa kwingine kabisa.

Wazee walisema mjumbe hauawi, na sensa ya oksijeni ni mjumbe. Inakaa kwenye ekzosi, inaonja moshi, inapeleka habari kwa kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontrol boksi. Ikileta habari mbaya, huenda yenyewe ni mgonjwa, au huenda habari ni za kweli. Kuitoa na kuweka mpya bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili ni kutupa pesa ya mteja, na sensa halisi haina bei ndogo.

Injini ya petroli huchoma mafuta vizuri ikipata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kompyuta hukadiria mafuta ya kumwaga kwa kupima hewa inayoingia, kisha husubiri sensa iiambie kama makadirio yametimia. Ncha ya sensa ni kauri ya zikonia. Moshi ukiwa hauna oksijeni, maana yake mafuta yamezidi, na sensa hutoa umeme unaokaribia volti 0.9. Oksijeni ikiwa imebaki nyingi, umeme hushuka hadi kama volti 0.1. Kompyuta ikiona juu hupunguza mafuta, ikiona chini huongeza, na hivyo sindano ya kipimo hucheza juu na chini muda wote injini inaponguruma. Kifaa hiki kilitoka kwa kampuni ya Bosch mwaka 1976 na kikaanza kwenye magari ya Volvo yaliyokwenda California, ambako sheria za moshi zilikuwa zimekazwa. Leo ni vigumu kupata gari la petroli barabarani lisilo nacho.

Kauri hiyo haisemi lolote ikiwa baridi. Inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi, ndiyo maana ndani yake kuna hita ndogo ya umeme. Hili lina uzito kwa mtu wa mjini kama sisi. Safari ya kutoka Raskazone kuja sokoni ni fupi. Hita ikifa, sensa inasubiri ipashwe moto na moshi peke yake, na kabla haijaamka wewe umeshapaki. Muda wote huo kompyuta inamwaga mafuta kwa kukisia. Mtu analalamika gari linakula mafuta mjini lakini akienda safari ndefu ya Segera halina shida, na watu wanadhani anatia chumvi. Hatii chumvi, anaeleza dalili ya hita iliyokufa.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, mwalimu wa Muheza, na Toyota yake ya silinda nne. Sensa ilikuwa imebadilishwa mahali pengine, na baada ya siku chache taa ikarudi. Alikuwa amechoka.

"Fundi, nimeambiwa hata hiyo mpya ni mbovu. Nibadilishie nyingine tu yaishe."

"Mwalimu, tuachie gari lilale hapa leo. Kesho asubuhi tutakuwa na jibu."

Namba iliyokuwa kwenye mashine ilikuwa P0171, yaani kompyuta inaona hewa imezidi. Ukiisoma vizuri, namba hiyo haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema sensa imeleta habari ya hewa kuzidi, na kompyuta imeongeza mafuta hadi ikafika kikomo chake cha kuongeza. Aliyempimia hakukosea kusoma. Alikosea kuishia hapo.

Asubuhi, gari likiwa limepoa usiku kucha, tuliliwasha boneti ikiwa wazi na sote tukanyamaza. Ukatoka mlio mdogo upande wa manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, tik tik tik, unaenda na mwendo wa injini. Baada ya dakika chache ukapotea. Huo ni mlio wa gasketi inayovuja: chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba upenyo, ndiyo maana ukipeleka gari gereji mchana likiwa la moto hakuna anayeusikia. Tulipofungua ngao ya joto tukakuta alama nyeusi ya masizi, nyembamba, imetoka kwenye ukingo wa gasketi, na stadi mbili, yaani boliti zinazoishika manifoldi, zimeliwa na kutu hadi zimelegea.

Wateja huuliza: kama moshi unatoka nje, hewa inaingiaje? Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo moja na jingine bomba hupata nafasi fupi ya kuvuta hewa ndani. Hewa hiyo inapita mbele ya sensa, sensa inasema oksijeni ni nyingi, kompyuta inaongeza mafuta yasiyohitajika. Sensa mpya ingesema vilevile, na ndivyo ilivyofanya. Tulibadilisha gasketi na stadi. Ile sensa ya zamani mwalimu alikuwa bado nayo, imefungwa kwenye mfuko ndani ya buti. Tukaipima, nzima.

Sisi tulio karibu na bahari tuna shida hii kuliko watu wa bara. Magari yanayolala Raskazone, Sahare au Mwambani hukutana na hewa ya chumvi kila usiku, na vitu vya kwanza kuliwa ni boliti za ekzosi na mabomba yake.

Tunavyopima

Kwanza tunasoma namba zote, si ile ya juu tu. P0135 na P0141 zinahusu hita, ya kwanza kwa sensa ya mbele, iliyo kabla ya masega, ya pili kwa sensa ya nyuma, iliyo baada yake. P0171 na P0172 zinahusu mchanganyiko wa hewa na mafuta. P0420 inahusu masega yenyewe, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi. Magari mengi tuliyonayo hapa yametengenezwa kwa soko la Japani, na baadhi ya yale ya miaka ya 2000 mwanzoni hayaongei vizuri na vile vipimo vidogo vya kuunganisha na simu. Kama kipimo chako kimesema hakuna kosa na taa inawaka, usikiamini.

Namba ya hita ndiyo rahisi kuliko zote. Tunachomoa soketi ya sensa na kupima kwa multimita waya mbili zenye rangi moja. Kwenye sensa nyingi za Denso zilizo katika Toyota hizo ni waya mbili nyeusi, buluu ni ya habari na nyeupe ni ya ardhi. Multimita isiposoma kitu, hita imekatika na sensa inabadilishwa, hakuna mjadala. Ikisoma vizuri, tunaangalia kama umeme wa betri unafika kwenye soketi switchi ikiwa wazi. Kuna watu wamenunua sensa kwa sababu ya fyuzi iliyoungua.

Kisha tunaitazama sensa ya mbele ikifanya kazi. Injini ikiwa na moto wa kutosha, tunaishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika na kuhesabu. Kipimo cha Toyota kwa sensa za kawaida ni sindano kucheza mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 10. Sensa iliyozeeka hucheza kwa uvivu, mara 3 au 4, na hiyo haiwashi taa kila mara lakini inakula mafuta yako kimyakimya.

Sensa ikiwa imeganda chini au juu tunaipa mtihani. Tunachomoa mpira mdogo wa vakyumu ili hewa iingie. Sensa nzima lazima ishuke. Tunarudisha mpira, tunapuliza kiasi kidogo cha dawa ya kusafishia kabureta upande wa hewa. Sensa nzima lazima ipande mara moja kuelekea 0.9. Ikiitika pande zote mbili, mjumbe ni mzima na tunakwenda kumtafuta mkosaji: gasketi, mpira uliopasuka, nozeli chafu, pampu ya mafuta iliyochoka, sensa ya kupima hewa iliyojaa vumbi. Jaribio la kupuliza dawa usilifanye nyumbani. Dawa ile inashika moto upesi na injini ina sehemu za moto wa kutosha kuiwasha.

Tahadhari moja kwa wenye magari ya karibuni. Mengi yana sensa ya mbele ya aina nyingine, inayoitwa A/F, yaani hewa kwa mafuta, ambayo haichezi kati ya 0.1 na 0.9. Kwa Toyota, hii hupandisha volti hewa ikizidi, kinyume cha sensa ya kawaida. Fundi asiyejua ataitazama na kuihukumu imekufa. Na zinafanana kwa umbo, soketi inaweza hata kuingia, lakini huwezi kuweka moja mahali pa nyingine.

Ikibidi kubadilisha

Sensa iliyokaa miaka kwenye ekzosi ya gari la pwani haitoki kwa nguvu. Tunapuliza mafuta ya kulainisha kutu mapema, ikiwezekana jioni, tunawasha injini kidogo chuma kipate joto, kisha tunatumia soketi ya milimita 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya. Ikigoma tunairudisha nyuma kidogo, tunapuliza tena, tunaendelea. Anayeivuta kwa bomba refu hutoka na nyuzi za manifoldi pamoja nayo. Zikiharibika kidogo tunazisafisha kwa tapu, chombo cha kuchongea nyuzi za skrubu, ya M18 kwa 1.5, zikiharibika sana ni kazi nyingine na gharama nyingine.

Hapo tunaitazama ncha, kwa sababu inaeleza mengi. Masizi meusi makavu ni mafuta kuzidi. Weusi wenye unyevu wa oili ni injini inayokula oili. Utando mweupe huenda ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, au silikoni isiyofaa iliyopakwa na mtu kwenye gasketi. Ukifunga sensa mpya bila kuondoa chanzo, nayo itakufa kifo hichohicho.

Mpya huanzishwa kwa mkono hadi ishike, ndipo spana. Ncha haishikwi, haipakwi kitu, na ikianguka sakafuni hatuifungi, kwa sababu kauri ya ndani hupasuka bila wewe kuona. Kuosha ya zamani kwa petroli au asidi na brashi hatufanyi. Masizi ya nje yatatoka, kauri iliyochoka haitapona.

Zipo sensa zinazouzwa bila soketi, unakata waya za zamani na kuunga. Sensa ya kawaida huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zake. Ukiunga kwa kuyeyusha risasi au ukajaza grisi kwenye soketi, unaweza kuziba njia hiyo na sensa ikaanza kudanganya. Kama lazima kuunga, tunabana kwa viungio vya chuma. Tunapendelea yenye soketi yake.

Feki zipo, nyingine ndani ya boksi zuri. Kabla ya kufunga tunapima hita yake na kulinganisha na kipimo cha gari, tunatazama maandishi kwenye kichwa cha nati na matundu ya kifuniko cha ncha. Ukinunua mwenyewe, muulize muuzaji kama atapokea ikirudi kabla haijafungwa. Akikataa, nenda duka jingine. Za mtumba hatukushauri: unanunua kauri ambayo umri wake huujui.

Kuhusu masega. Kila wiki kuna anayetuomba tuyatoe, kwa kuwa ameambiwa gari litakuwa jepesi na masega yana mnunuzi. Wanunuzi wapo kweli, ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Lakini sensa ya nyuma imewekwa kuyachunguza. Masega yakiwa mazima, sensa ya nyuma hutulia, mara nyingi karibu na 0.6 au 0.7. Ukiyatoa, inaanza kucheza sawa na ya mbele na taa inawaka P0420. Hapo watu huanza kuweka vipande vya kuisogeza sensa mbali na moshi ili idanganyike. Sisi hatutoi masega mazima na hatufungi vipande hivyo. Moshi ule unapuliziwa watoto wanaosubiri daladala.

Ukija kwetu, lete gari jioni lilale au uje nalo asubuhi kabla halijazunguka. Waja leo waondoka leo, tunajua, lakini gasketi ya mwalimu isingesikika mchana. Usimruhusu mtu afute namba wala achomoe betri kabla hujafika: taa inapowaka, kompyuta hutunza hali ya injini ya wakati ule, joto lake, mizunguko yake, mwendo wa gari, kiasi cha mafuta kilichoongezwa, na hizo ndizo habari tunazozitaka kwanza. Malipo ya kupima tunayakata kwenye kazi ukitengeneza kwetu.

Na kama taa haitulii bali inawaka na kuzimika mfululizo huku gari linatetemeka, hiyo ni misi, yaani silinda haichomi mafuta yake, na petroli isiyoungua inakwenda kuungua ndani ya masega. Egesha pembeni, zima injini, tupigie. Tutakufuata ulipo.