Jasusi asiyekamatwa hana cheti

Mhariri,

Gazeti hili nimelinunua tangu nilipokuwa nikifundisha historia, na kila mliponiudhi nilimalizia hasira kwa mke wangu wakati wa chai. Safari hii amechoka. Ameniambia niwaandikie wenyewe, basi nawaandikia kuhusu ile makala yenu ya wanawake majasusi.

Sina ugomvi na Noor Inayat Khan. Mlimpa ukurasa mzima na unamstahili: binti wa mwanamuziki wa Kihindi, aliyeingizwa Ufaransa usiku, Juni 1943, akiwa mwanamke wa kwanza kupelekwa huko na Waingereza kwa kazi ya redio. Wenzake wakanaswa mmoja baada ya mwingine, naye akakataa kurudi London, mpaka akakamatwa na kupigwa risasi Dachau, kambi ya Wanazi, Septemba 1944. Hata nishani yake ya George Cross ya 1949 hamkuisahau. Kisha chini kabisa, kwenye kisanduku ambacho kwa kawaida mnaweka hali ya hewa, mkamkumbuka Wambui Otieno. Mkasema nini? Kesi ya maziko ya mumewe ya 1987, na ile ndoa ya 2003 na kijana mdogo. Nukta.

Huyu alikuwa binti wa inspekta wa polisi, Tiras Waiyaki. Angeweza kukaa kwao akanywa maziwa, vita vikapita nje ya ua. Badala yake alikula kiapo cha Mau Mau, wale waliopigana na Waingereza kudai ardhi na uhuru wa Kenya, akaingia Nairobi kukusanya habari kwa ajili ya wapiganaji, na mwaka 1960 akapelekwa kizuizini Lamu. Haya hayakuingia kwenye kisanduku. Muthoni wa Kirima naye alianza kwa kuwapelelezea wapiganaji kabla ya kuingia msituni mwenyewe na kufikia cheo cha fildi mashali, lakini mkimtaja ni nywele zake ndefu, alizozifuga tangu msituni. Aprili 2022 zilinyolewa na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wetu wa kwanza, nanyi mkatuletea picha za nywele mpaka nikadhani ni tangazo la saluni. Alipofariki mwaka uliofuata, nywele tena.

Sasa nisikilizeni. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa yaya katika nyumba ya mlowezi mmoja wakati wa hali ya hatari, ile waliyotangaza Waingereza dhidi ya Mau Mau. Maofisa walikuja pale jioni, wakakaa barazani na glasi zao, wakazungumza kwa Kiingereza wataingia msitu upande gani na lini. Shangazi alikuwa amesoma misheni, Kiingereza alikielewa vizuri, ila miaka yote ile aliitikia "ndiyo memsahib" kwa Kiswahili kibovu cha makusudi. Aliyoyasikia aliyaandika kwa kalamu ya risasi kwenye vipande vya karatasi ya sukari, akavifunga ndani ya nepi ya mtoto wake mwenyewe, akambeba mgongoni. Pale kwenye daraja mahomugadi, wale askari wenyeji wa serikali ya kikoloni, walimwaga kiondo chake chote chini, maharagwe, viazi, wakachomachoma unga kwa kijiti. Hakuna hata mmoja aliyetaka kutia mkono kwenye nepi iliyolowa. Kwa hiyo hakukamatwa. Hakupigwa, hakufungwa gereza la Kamiti, hakuandikwa popote. Mwaka 2013 Waingereza walipokubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa, mjini kwetu nako kukafunguliwa ofisi ya kuandikisha waliopigania uhuru, nikampeleka. Karani, kijana ambaye mama yake nilimfundisha, akauliza, "Shosho, ulizuiliwa kambi gani?" Sikuzuiliwa. "Una kovu?" Sina. "Barua ya kuachiliwa?" Niachiliwe nitoke wapi? "Sasa shosho, ulifanya nini?" Nilipeleka barua. "Kwani ulikuwa posta?" Na foleni nzima ikacheka. Shangazi akachukua mkoba wake, akatoka, na habari ile hakuirudia mpaka alipozikwa. Yaani angefanya kazi yake vibaya, akadakwa pale darajani, leo angekuwa na karatasi, na pengine hata nyinyi mngempa kisanduku!

Wala msiniambie kwamba wazee wenyewe hawasemi. Mau Mau ilikuwa chama kilichopigwa marufuku mpaka 2003, miaka arobaini baada ya bendera kupanda. Ungesema wapi, na kwa nani?

Na hizi sherehe za Mashujaa, kwa kuwa nimekwisha anza. Kila Oktoba 20 kina mama wa miaka tisini wanafika uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, wanakalishwa juani, wanapewa soda moja na leso yenye sura ya mwanasiasa. Hema ni la waheshimiwa. Mheshimiwa anatua kwa helikopta saa nane, vumbi lote linawaangukia kina mama, kisha anasema "tutawakumbuka". Halafu wanaambiwa wacheze ngoma. Nyinyi mnapiga picha ya ngoma. Pale Uhuru Park kuna sanamu iliyozinduliwa Septemba 2015, ya mwanamke akimkabidhi mpiganaji kikapu cha chakula. Hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso upande wake, ili akikamatwa huyu asiweze kumtaja yule. Aliyeibuni aliielewa kazi. Mpigapicha wenu ameipitia mara nyingi, naamini, akienda kuwapiga picha wanasiasa.

Pendekezo langu si la gharama. Mpeni mwandishi wenu nauli ya matatu, si gari la ofisi, maana gari lenye maandishi ubavuni huwafunga watu midomo hadi leo. Abebe kilo mbili za sukari na majani ya chai. Afike kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu baadaye wazee husinzia. Kamera aiache kwa binti wa nyumbani mpaka chai ya pili. Asiulize kambi, asiulize kovu, na nywele asiziguse kabisa. Aulize, "Nyanya, ulibeba nini, na ulikificha wapi?" Kisha anyamaze, jambo ambalo najua litamtesa. Kwetu Karatina wamebaki wachache ninaoweza kumpeleka, mmoja anasikia kwa sikio la kushoto tu, kwa hiyo asije na makala iliyokwisha andikwa nusu.

Mwalimu mstaafu,
Karatina